Plake ambayo hatukuiona

Jumanne jioni, Mulongwe

Kumbe kosa lilikuwa langu. Nilifunga kamera juu sana, karibu na paa, nikidhani itaona barabara yote. Kweli iliona barabara, ila usiku taa za magari zilifanya kila plake, kile kibao cha namba ya gari, itoke nyeupe tupu. Ndiyo sababu gari iliyomgonga yaya Furaha, dada yangu mkubwa, mbele ya nyumba yetu, tuko nayo kwenye video ikikimbia na hatujui ni ya nani. Mwezi mzima hilo linanila.

Leo nimeishusha kamera mpaka usawa wa kifua, kwenye nguzo ya lango, nikaielekeza pale kwenye shimo ambapo kila dereva anapunguza mwendo. Giza lilipoanza kuingia nikapunguza mwangaza wa kamera, taa zisiharibu tena picha. Yaya alikaa kwenye kiti, magongo pembeni, akiangalia picha kwenye simu yangu.

"Inasoma?"

"Ngoja ipite ingine."

Kamioneti, gari ndogo ya mizigo, ikapita na mihogo kutoka Katogota. Akataja herufi na namba zote, moja moja, bila kusita.

"Yaya, unisamehe kwa kuifunga juu ile mara ya kwanza."

"Minye siko na hasira na weye," akasema. "Hasira yangu iko kwa yule dereva."

Nilifurahi kidogo. Lakini ile gari ni nyeupe, kama nusu ya magari ya hapa. Kesho inaweza kupita, tuisome plake yake vizuri kabisa, na tusijue kama ndiyo yenyewe.