Mume Anayeniosha Miguu

2 Mei

Dada yangu mpenzi,

Na sikumaliza kukusimulia! Hujambo lakini? Watoto hawajambo, mgongo umepoa? Sisi wazima, na kichefuchefu cha mimba kimeanza kunihurumia. Basi kila nikitoka uani, mume wangu ananikalisha mlangoni, ananiosha miguu. Kwa sabuni, dada! Mpaka kati ya vidole. Bustani hataki niiguse, ameng'oa hata mchicha wangu, eti malkia hashiki jembe. Jioni yuko na ramani zake za kazini. Nikiingia na chai anaifunika kompyuta, ananibusu. Nitakufa kwa raha mimi!

Mdogo wako mwenye bahati

9 Mei

Mdogo wangu,

Nafurahi mko wazima. Mgongo bado unanisumbua, ila barua yako imenisumbua zaidi. Shemeji nampenda, lakini miaka yangu yote ya ndoa, aliyewahi kunishika mguu ni fundi viatu. Mwanaume anang'oa mchicha kwa mapenzi? Anafunika kompyuta kwa mapenzi? Ana jambo huyo. Fungua macho, bibi arusi.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Nisamehe kwa kimya. Tumbo salama, moyo sijui. Wewe je, mgongo?

Nilidhani ni mwanamke. Nilinusa mashati yote. Kisha nikamwona kupitia dirishani anachota udongo chini ya ukuta wetu, anautia mfukoni kama mwizi. Jioni niliingia bila chai. Kwenye kompyuta kulikuwa na picha ya mtaa wetu iliyopigwa kutoka angani: paa letu, tangi letu, na wekundu umetufunika.

"Huyu ndiye mwanamke wako?"

Hakucheka.

Unajua kazi yake: anapima sumu iliyoachwa na kile kiwanda cha betri kilichofungwa, anaonyesha kwenye ramani wapi watu wanaweza kuugua. Alipotutafutia nyumba alichora duara la hatari kuzunguka kiwanda, akachagua hii kwa sababu ilikuwa nje yake. Alivyojisifu! Kumbe alama ya kiwanda kwenye ramani aliiweka getini, penye anwani. Tanuri la kuyeyushia madini ya risasi lilikuwa nyuma kabisa, limeegemea ukuta wetu. Alipoisogeza alama hadi kwenye tanuri, duara likatumeza.

"Vumbi lake hushika miguuni, huingia kwenye mchicha, linamfikia hata mtoto aliye tumboni," akasema. "Nilisubiri vipimo vya pili ndipo nikwambie."

Vya kwanza alikuwa navyo tangu mwezi uliopita.

Nampenda, dada, nampenda mpaka naona aibu. Lakini sasa akinishika mkono najiuliza amegundua nini tena. Leo nimetolewa damu, majibu bado. Na majirani, ambao watoto wao wanacheza kwenye vumbi lilo hilo, hajawaambia. Eti mkubwa wake hajaruhusu. Nimemwambia kesho tunagonga milango pamoja: yeye aseme, mimi nisikilize kama anasema yote.

Nitandikie kitanda. Mwezi huu hautaisha kabla sijafika kwako. Kama nitakuja na mume wangu au peke yangu, nitajua kesho mlango wa kwanza ukifunguliwa.

Mdogo wako