Nilimpa Binti Yangu Mbili kwa Kumi

Mpendwa Shangazi Naliaka, naomba msaada wako, tena naomba unijibu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa maana siku hiyo nitaketi tena mbele ya maikrofoni na sijui nitasema nini, na mimi si mtu wa kukosa la kusema, nimefundisha Kiswahili na Historia mpaka nikastaafu, na tangu nistaafu nina nafasi yangu katika redio moja hapa Kakamega ambapo kila Jumamosi asubuhi natathmini vichekesho vya runinga, natazama msimu mzima, naeleza umefaulu wapi na umechechemea wapi, kisha natoa alama kwa kumi, na watu wanasikiliza kwelikweli, hata wakinikuta sokoni wananiuliza Mwalimu, hii nyanya ni ya ngapi kwa kumi.

Alama zangu hazipandi ovyo. Saba kwangu ni sherehe, nane nimetoa mara chache sana, na kumi sijawahi.

Shangazi, nina binti anaitwa Maurine, kitinda mimba wangu, alisomea ushonaji pale chuoni Sigalagala, na alipomaliza akajiunga na vijana wanaotengeneza kipindi cha vichekesho kiitwacho Ploti Namba Tisa, habari za wapangaji wa ploti moja na vituko vyao, wanakirekodi hapa hapa mjini, na kazi yake ilikuwa kuwashonea waigizaji nguo. Msimu wa kwanza niliupa tano, sauti ilikuwa inakwaruza na waigizaji wanacheka kabla mimi sijacheka. Msimu wa pili niliupa saba, walikuwa wamejifunza kunyamaza mahali pa kunyamaza, na hiyo ndiyo nusu ya uchekeshaji, na siku hiyo mama yao Maurine, mke wangu Dinah, alinipikia ingokho, yaani kuku, akasema leo baba watoto umekuwa binadamu.

Dinah alituacha mwaka jana. Alikuwa anaanika nguo asubuhi, mimi niko ndani nasoma gazeti, nikasikia beseni limeanguka nikaita, Dinah, nini hiyo, wala sikuinuka upesi kwa sababu yeye alikuwanga mtu wa kuangusha vitu, na nilipotoka alikuwa ameshaenda. Tulimzika nyumbani Mayoni, mimi ni mzee wa kanisa, nikataka mambo yaende kwa utaratibu, programu ilichapishwa na tulimaliza kwa saa tulizopanga, isipokuwa kuna wakati Maurine alitoka ndani amevaa rinda la mamake na leso yake, akaanza kutembea mbele ya waombolezaji vile mamake alivyotembea, wale kina mama wazee wakaanza kucheka na kupiga vigelegele, nikamshika mkono nikamrudisha ndani nikamwambia hapa si mahali pa mchezo. Nakutajia hilo ili ujue kwamba tabia hii hakuianza jana.

Basi msimu wa tatu ukatoka, na kumbe humo Maurine hashoni tu, anaigiza, anaitwa Mama Ploti, ndiye mwenye kukusanya kodi na kugombeza wapangaji. Niliketi sebuleni peke yangu na kalamu yangu. Mlango ukafunguka, akaingia mwanamke amefunga leso juu ya kifua, goti la kushoto halikunji vizuri, slipa moja inaburura, akasimama katikati ya chumba akasema, "Mimi sijakasirika. Nimenyamaza tu," halafu akaongea bila kupumua mpaka kipindi kikaenda matangazo. Shangazi, hayo ni maneno ya Dinah. Hiyo ni sauti ya Dinah. Anashika simu mbali na sikio na kupiga kelele kwa sababu Nairobi ni mbali, anauliza nani amekula kichwa ya ingokho na mwizi yuko hapa ananiangalianga tu, anainusa sufuria kabla ya kuitia maji, kila kitu. Na nyuma ya picha watu wanasikika wanacheka. Nilivumilia mpaka kipindi cha tatu, nikazima, nikaenda kulala mchana na viatu.

Jumamosi ile nilisema hivi, nayakumbuka kwa sababu mtangazaji wetu Weldon huyarudia akitaka kunitania: "Msimu wa tatu, mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za mpiga picha. Kuna mwigizaji humo aliyekosa mzaha, akaenda kuutafuta kaburini."

Maurine alinipigia kabla sijafika nyumbani. Hakupiga kelele.

"Baba, ulimuona ama hukumuona?"

"Kumuona nani?"

"Mama."

Nikamwambia nimeona upuuzi. Akasema, "Sawa, baba. Nimesikia," akakata.

Wiki hiyo hiyo aliwaacha wenzake akaenda Mautuma kwa mama yake mdogo, Jescah, anashona sare za shule huko. Simu zangu hapokei. Nikimpigia Jescah ananiambia, "Shemeji, mtoto haongei. Anashonanga tu. Hata jirani akifungua redio, yeye anafunga dirisha." Wenzake wa Ploti wamesema bila yeye msimu wa nne hakuna. Na sasa Weldon ametangaza kwamba Jumamosi hiyo tutaipanga misimu yote ya vichekesho ya mwaka huu, kuanzia wa kwanza mpaka wa mkia, akaniambia, "Mwalimu, watu wanangoja tu uweke Ploti kwa mkia, usituangushe."

Nikiongeza alama watasema Mwalimu amempikia mwanawe matokeo, na jina langu lote limejengwa juu ya kutopika. Nisipoongeza nitakuwa nimempiga mara ya pili mahali palepale. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, nalo ni kwamba ule mlango ulipofunguka na ile slipa ikaburura, mimi nilikunja miguu yangu ili apite. Dinah alikuwa haombi njia, alikuwa anapita tu, na mimi nakunja. Niliikunja, Shangazi, halafu nikaona hakuna mtu wa kupita, na hapo ndipo watu walipocheka. Tangu hapo nimeufungua ule mlango kwenye simu mara nyingi, hapo tu akiingia, halafu nazima. Sijui naangalia nini. Nyumba imekuwa kubwa. Nisaidie, je, niibadilishe alama au niiache?

Mwalimu Lazarus,
Lurambi.

*

Mwalimu Lazarus, pole. Nakupa pole ya Dinah, tena ipokee, maana katika barua yako yote sijaona mahali ulipopewa pole ukaichukua. Umeeleza programu ilichapishwa na mkamaliza kwa saa, lakini hukuniambia kama ulilia. Naona hukulia.

Haya, pole umeipata. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Wewe umeniuliza habari za alama, kama mtu ambaye nyumba inaungua naye anauliza bei ya pazia. Lakini kwa kuwa umezitaja, tuanze na hizo. Msimu ule una vipindi vinane. Wewe ulizima cha tatu. Kisha ukaenda redioni ukauhukumu wote, na ukaweka na msemo wa kaburi juu yake ili uume vizuri. Mwanafunzi angekuletea insha ya kurasa nane, ukasoma tatu, ukaandika mbili kwa wino mwekundu, mzazi wake angekuwa ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya kengele ya chai. Miaka yote umewakemea vijana kwa uvivu, na siku iliyokuhusu ukawa mvivu kuliko wote.

Mimi nimeutazama mpaka mwisho. Niliutazama na dada yangu, na hatukujua Mama Ploti ni nani, tulijua tu ni mtu aliyependwa na aliyemwandika. Katika kipindi cha sita anatokea mumewe. Ni mzee amevaa sweta la mikono mirefu hata jua likiwaka, na kila kitu anakipa alama. Mchuzi, sita. Maombi ya jioni, tano, yamerefuka katikati. Wapangaji wanamwonea huruma Mama Ploti, wanamwambia, "Mama, huyu mzee hakupendangi?" Naye anawacheka, anajibu, "Huyu? Huyu akikupa sita, jua usiku hatalala kwa furaha. Kumi ameiwekea Mungu." Halafu anamchagulia paja la kuku. Hapo hakuna aliyesikika akicheka nyuma ya picha.

Hicho ndicho ulichokipa mbili, Mwalimu. Binti yako alikuwa amekuweka humo ukiwa umependwa na umesamehewa ukavu wako wote, na hukukaa kukisubiri.

Sasa nije kwenye lile ulilolipitia mbio, la mazishi. Ulilileta kama ushahidi dhidi yake. Mimi nimelisoma nikaweka barua chini. Mzee wa kanisa, umezaliwa Mayoni, umekulia katika matanga ya kwetu, na hukujua ulichokuwa unakiona? Baba yangu alipokufa, shangazi yangu alivaa gambuti zake na kofia yake, akazunguka boma akiitisha chai kwa sauti yake ya kukwaruza, akawagombeza watoto mmoja mmoja kwa majina aliyowabandika marehemu. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mama yangu, ambaye tangu kifo hakuwa ametoa hata chozi, alicheka akakaa chini, na alipokaa chini ndipo kilio kikamtoka. Hakuna aliyemdharau marehemu. Alikuwa anapewa nafasi ya kupita katikati yetu mara ya mwisho, kama alivyokuwa, na vituko vyake vyote, ili tumuage vizuri. Wale kina mama wazee waliopiga vigelegele Mayoni walijua. Walikuwa wanaomboleza. Wewe ndiwe uliyekatiza.

Mtoto alikatizwa mbele ya watu, akarudishwa ndani kwa mkono kama mtoto mchokozi. Akakaa na kilio chake. Kisha akatafuta mahali pengine pa kukimalizia, na mahali pekee alipokuwa napo ni Ploti Namba Tisa. Alishona lile rinda upya, akajifunza lile goti, akamtembeza mama yake mbele ya nchi nzima, akakuuliza jambo moja tu: ulimuona? Hakukuuliza kama umecheka. Hakukuuliza ni ngapi kwa kumi. Na wewe, uliyekunja miguu ili mkeo apite, ukamjibu kwamba uliona upuuzi.

Najua ulisema hivyo kwa uchungu. Uliposikia watu wakicheka ulidhani wanamcheka Dinah, na mtu akichekewa mke aliyekufa hukasirika. Nakuelewa, wala sikulaumu kwa hasira ile ya dakika moja. Nakulaumu kwa siku zilizofuata, ambapo umekuwa unafungua mlango huo kwenye simu, unamwangalia anaingia, unazima, na bado unajiuliza kuhusu jina lako redioni. Jina la nani, Mwalimu? Nani atakuja kukaa nawe katika hiyo nyumba iliyokuwa kubwa, ni Weldon?

Nakushauri hivi, na usiniongezee sababu za kuchelewa.

Tazama vipindi vitano vilivyobaki. Vitazame mchana, mlango wazi, sauti juu. Ukicheka, cheka, Dinah alikuwa mcheshi, si dhambi. Ukilia, usitafute kitambaa. Zamu yako ya matanga ndiyo hiyo, umeichelewesha.

Jumamosi, mwambie Weldon hutapanga safu yoyote. Sema hewani kwamba uliuhukumu msimu ambao hukuumaliza, kwamba ulikuwa na msiba, na kwamba mwigizaji uliyemtukana ni binti yako aliyekuwa akimwomboleza mama yake. Alama ya mbili uifute, na nyingine usiweke. Ukimpa nane utakuwa umemlipa, na hakuwa akiuza. Wakikucheka sokoni, wacha wakucheke. Wewe umewacheka watoto wao miaka mingi.

Lakini hiyo ni ya Jumamosi, na hupaswi kusubiri Jumamosi. Asimsikie baba yake akiomba radhi kupitia dirisha la jirani. Amechoka kuhutubiwa na redio. Nenda kwanza Mautuma. Usimtume Jescah akupimie hali ya hewa, usitangulize simu. Ukifika, usianze na hotuba, maana nyinyi walimu mkipewa kiti mnadhani ni darasa. Mwambie, "Nilimuona mama yako. Nilikunja miguu." Atajua. Huyo mtoto amemsoma mama yake mpaka kwenye slipa. Hatakosa kuelewa miguu yako. Akikasirika, mwache akasirike mbele yako badala ya kukasirika peke yake juu ya cherehani. Akikufungia mlango, keti nje, Jescah atakupa maji.

Na usimwombe arudi kuigiza. Hilo ni lake. Wewe unaenda kuomboleza naye, maana nyinyi wawili mmempoteza mtu mmoja na hamjalia pamoja hata siku moja.

Maurine amezika mzazi mmoja, Mwalimu. Wa pili bado anapumua, yuko Lurambi, ana maikrofoni na kalamu nyekundu, na mtoto anaanza kuzoea kuishi kama kwamba naye hayupo. Weka barua hii chini. Vaa viatu.