Mkeka wa Kondo Haukunjwi

Mwanangu Kondo,

Marahaba. Najua ungeanza wewe kuniamkia, basi nimeitikia kabisa, tusicheleweshane.

Mwandiko huu ni wangu. Uliponiacha nahangaika na herufi kwenye kisomo cha watu wazima ulinicheka. Sasa soma.

Huku Marui mihogo imeshika. Sabuni hakuna, sukari tunaisikia redioni. Kwenye foleni ya duka la kijiji watu wanagombana juu ya vita vyenu. Wengine wanasema adui alishatoka Kagera, mlifuata nini tena Kampala. Wengine wanasema anayeuliza hivyo ni msaliti. Nikifika wananyamaza wote, wananipisha mbele, na mimi sitaki kupishwa.

Nilikuwa upande gani unajua. Siku ile unaondoka na wenzako wa mgambo nilikuambia, kulinda shamba letu naelewa, kwenda kumpalilia jirani sielewi. Ukanijibu, "Mama, nyoka ukimfukuza tu, usiku atarudi kitandani." Babu yako alipelekwa vitani Burma na Mwingereza, na hakuna aliyemuuliza. Wewe uliulizwa, ukasema naam. Kwa hiyo simruhusu mtu akuite mjinga. Lakini bado nasema mngeishia mpakani, na nitasema, maana mimi ndiye niliyekuzaa.

Nikuhadithie msiba wako. Tulikaa matanga bila maiti. Mwenyekiti wa tawi alikuja na bwana mmoja kutoka wilayani, wakasema umekufa kishujaa. Nikauliza, "Amezikwa wapi?" Mwenyekiti akasema, "Mama, hayo ni mambo ya jeshi." Mjomba wako akanikanyaga mguu ninyamaze.

Mtani wako Kalunde hakunyamaza. Yule mwanamke wa Kinyamwezi wa Kwa Mathias, aliyekuwa akikuuzia chai na mihogo enzi zile unajenga nyumba za watu Kibaha, alikuja msibani kabla ya ndugu zako wengine. Mtani msibani ana ruhusa, hilo nalo unalijua. Aliingia ndani, akatoka amevaa shati lako la bluu, mchi begani kama bunduki. Akapiga kwata mpaka katikati ya mkeka, akajilaza chali miguuni pa mgeni wa wilayani.

"Mimi Kondo," akasema. "Nimekufa, na walionituma hawajui waliponiweka. Nipeni jembe nikajitafute."

Watu waliangua kicheko. Nami nilicheka, mwanangu, nikacheka mpaka machozi yakaja, ya kwanza tangu habari ifike. Mwenyekiti alivimba. Lakini kwetu Wazaramo mtani hakasirikiwi, na akikasirikiwa msibani aibu ni ya aliyekasirika. Ikambidi acheke na yeye. Na mbele ya watu wote akaahidi kwamba atauliza ulipozikwa.

Mpaka leo hajaleta jibu. Akawa anazunguka njia ya kisimani ili asipite mlangoni kwangu. Shati Kalunde aliondoka nalo, ndiyo haki yake ya utani. Analivaa kibandani kwake, na kila dereva anayeuliza kisa cha shati la kiume anajibiwa kwamba ni la mtani wake, aliyekufa Uganda na kwao hawajaonyeshwa kaburi. Mjomba wako anasema tunajiaibisha. Mimi nimempelekea Kalunde uzi na sindano, maana kwapa limeanza kuachia.

Tanga nalo sijaliondoa. Wenzangu hukunja mkeka wa msiba baada ya siku chache, watu wakarudi mashambani. Mashambani nimerudi, lakini mkeka wako uko palepale barazani. Juzi mwenyekiti akaja mwenyewe, hana tena njia ya kuzunguka. Kuna wageni wakubwa watakuja kuona kijiji, akaniomba niukunje, utaonekana vibaya. Nikamwambia wageni ni baraka, waje waukalie. Wakiuliza, nitasema ni wa mwanangu, alikwenda alikotumwa, nasubiri kuambiwa anapolala.

Akasema, "Mama, utatuletea matatizo."

Nikamwambia, "Matatizo ninayo mengi, baba, chukua na wewe kidogo."

Usidhani nina nguvu wakati wote. Asubuhi zinanishinda. Ulikuwa unagonga ukuta kwa nje na kuniamkia kabla sijafungua mlango, nami nikikulalamikia kuwa unaamsha kuku. Sasa hao kuku wanaamka wenyewe, na mimi nimelala macho nimeuelekea ukuta.

Nakuahidi hivi. Siku watakaponitajia mahali, mimi na Kalunde tutafunga safari. Nitakaa kando yako, nikugombeze vizuri kwa kwenda mbali namna hiyo, nikuombee dua. Kisha nitarudi niukunje mkeka kwa mkono wangu, si wa mjomba wako wala wa mwenyekiti.

Kwa sasa lala ulipo, baba. Kila kukicha nagonga ukuta kwa ndani, na naitikia kwa sauti, mpaka nyumba ya mwenyekiti wasikie.

Marahaba, Kondo. Marahaba.

Mama yako