Ghorofa Iliyoziba Kusini

Kaka yangu mkubwa,

Hatujambo. Bomba la uani limepona, na shangazi bado anagombana na majirani.

Hongera kwa ghorofa ya tatu ya nyumba yako hapo mbele ya ua wetu, ambayo hujawahi hata kulala ndani yake. Imeziba kusini yote niliyokuwa nikiitazama kwa darubini kutoka uani. Nilipokulalamikia kwenye simu ulicheka: "Nyota zimejaa, dada, tazama nyingine!" Kichwa chako hakiwezi kujua kwamba makundi ya nyota ninayoyapenda hupita chini kabisa, karibu na upeo, na ukuta mmoja wa majivuno unatosha kuyafuta.

Hujauliza, lakini macho ya Baba yanakwisha. Daktari amesema hayatarudi. Alitamani kuliona lile kundi kubwa la kusini angalau mara moja. Basi juzi, giza lilipoanza kuingia, nilimshika mkono, darubini begani, tukapanda ngazi zako zisizo na vyuma vya kushikia, hadi juu. Kundi lilikuwa limeinuka kidogo tu juu ya mapaa, likitetemeka kwenye vumbi la mji.

Baba aliinamia darubini.

"Kama sukari iliyomwagika," akasema mwishowe, akafuta machozi. "Kumbe nyumba ya huyu kaka yako nayo ina kazi."

Leo asubuhi amenijua kwa sauti tu. Kwa hiyo ule mchoro wa ghorofa ya nne ulioahidi kumtumia, usimtumie. Yeye hatauona, na mimi sitamsimulia.

Ni mimi,
Mdogo wako