Bonde Lililoandikwa "Ardhi Tupu"

Jumatatu, 7 Februari 1972
Kosa la wengi ni kuihukumu ardhi kwa macho ya siku moja. Karani Onsongo wa wilayani alisimama leo juu ya kilima, viatu viking'aa, akatazama bonde letu na kuandika kwenye fomu: ardhi tupu. Tupu! Hakushuka hata hatua kumi. Jirani yangu Nyasani alichoma matete juzi ili ng'ombe wapate machipukizi – sote hufanya hivyo kila kiangazi. Onsongo aliona majivu, basi. Fomu ina visanduku vinne: msitu, malisho, kinamasi, ardhi tupu. Kinamasi kimo! Nimechefuka.

Jumatano, 9 Februari
Nilimweleza Onsongo polepole, kama ninavyofundisha darasa la tano. Usitazame kilichoungua, chimba. Udongo mweusi, unanuka, maji yanapanda shimoni – hicho ni kinamasi, hata kikinyolewa kipara. Korongo-taji hutaga humo. Chemchemi ya nyumba zetu kumi na tisa hulishwa na maji yake. Akapiga miayo. Orodha inaondoka Ijumaa, alisema, na penye ardhi tupu italetwa miche ya mikaratusi, bure. Mikaratusi! Inakunywa kuliko walevi wa busaa. Miaka mitatu tu, na chemchemi itakuwa hadithi.

Nyasani alicheka: Mwalimu, unataka tuwajengee vyura nyumba? Mke wangu Kwamboka akamjibu kwamba chura hajawahi kumchafulia maji, ila ng'ombe wa Nyasani, kila siku. Watu walicheka sana. Fomu ikabaki vilevile.

Alhamisi, 10 Februari
Nyasani ameanza kuchimba mashimo ya miche bondeni. Nimemkuta ananawa miguu – ndani ya shimo lake mwenyewe! Nikamuuliza maji yametoka wapi. Ya mvua, akasema. Mvua gani? Haijanyesha tangu Krismasi. Akaendelea kunawa. Uongo mwepesi kiasi hiki unatia kinyaa kuliko tope.

Ijumaa, 11 Februari, asubuhi
Onsongo yuko sokoni Birongo, anaondoka saa sita. Amekubali: akiyaona maji kwa macho yake, atasahihisha. Lakini bondeni hashuki, viatu ni vipya. Viatu! Nilitaka kumwandikia barua kali. Kwamboka ameziweka tu gambuti zangu za mpira mlangoni, zimepanguswa.

Saa tatu sasa. Najiambia: acha kalamu. Mpelekee gambuti hizo, umshushe hadi kwenye shimo la Nyasani.