Siku Tano za Njia ya Kama

Kindu, tarehe 9 Novemba 2024

Kwa yaya wangu mpenzi Bernadette, dada yangu mkubwa, Kibombo

Yaya, kabla ya salamu, nakuomba ufunge mlango. Soma peke yako, hata watoto wasisikie, na neno lolote lisitoke mpaka ufike mwisho. Huko mwisho nitakuambia lipi la kusema, na mbele ya nani. Ni mimi Destin, mdogo wako, karani mwoga unayemjua.

Sasa nikusalimu. Hujambo? Shemeji naye? Kikohozi cha Joël kimepoa? Mimi ni mzima, isipokuwa visigino, na sababu yake utaiona.

Barua yako niliipata. Umeniambia kwamba mukaba wa Mama, ule mkanda wake wa kubebea kitunga, bado haujaonekana, na kwamba hamsemezani na wifi Gentille, kwa kuwa yeye ndiye aliyefagia chumba chako wiki ile ulipopotea. Umesema pia kaka Stéphane amemrudisha mkewe huyo kwao, na Jumapili ya mwisho wa mwezi wazee watakaa kuamua kama atarudi au hatarudi. Nilipofika hapo sikuweza kula. Najua mukaba ule ni nini kwako. Baba aliukata kwenye turubai la behewa la mizigo, Mama akaushona mara mbili kwa uzi wa nyavu. Mwaka 2002, vita vilipoifunga Kindu pande zote tukakimbilia porini, aliuweka kwenye paji la uso, kitunga mgongoni, mimi mchanga nikiwa juu ya mihogo, nawe mtoto wa miaka tisa ukishika ncha yake nyuma ili usipotee. Tuliporudi mjini uliapa kwamba mtoto wa Mama hatalala porini tena.

Yaya, nimelala porini. Mara nne.

Mwezi wa tisa biro yetu, ofisi ya chanjo, ilipokea sanduku la vifaa kwa ajili ya wachanjaji wanaokwenda kwa miguu: hema, viatu virefu, begi la mgongoni lenye mikaba kama kumi, godoro la kujaza pumzi, taa ya kichwani, chujio la maji. Mukubwa Fortunat, mkuu wetu, aliviagiza mwenyewe na kuvisifu kila asubuhi. Akasema lazima mtu anayejua kuandika atembee navyo, aandike kila kifaa kimefanyaje, kabla hajaagiza vingine arobaini. Akanitazama mimi. Nilisema ndiyo kwa sababu niliogopa kusema hapana.

Pikipiki zilitufikisha Pangi. Kutoka pale tulitembea kuelekea Kama, kwenye vijiji vya wachimba dhahabu, tukiwa na sanduku la baridi la chanjo ya surua. Tulikuwa watatu: mimi, muganga Okito ambaye hafungi mdomo, na Mama Sifa, mbebaji wa miaka hamsini na kitu, mwenye kitunga chake na kandambili.

Usiku kabla ya kuondoka nilikuwa nimevipaka viatu mawese, kama tulivyokuwa tukilainisha viatu vya mpira shuleni. Vililainika kweli. Lakini kijito cha kwanza kilivijaza maji, na maji hayakutoka. Nilitembea nikilia chubwi, chubwi, mpaka Mama Sifa akasimama. Aliniambia, “Mutoto ya biro, weye haukuvaa viatu. Viatu njo vimekuvaa.” Okito akaongeza kwamba nisubiri kidogo, tutavua samaki humo ndani.

Jioni nilisimamisha hema kwa kufuata karatasi ya maelezo. Mvua ilipopiga, halikupitisha hata tone, nikajisifu. Kumbe viatu vyangu vya mawese vilikuwa mlangoni, na siafu wa pori lote walikuwa wamealikwa. Nilitoka ndani na shati moja tu, nikicheza ngoma isiyojulikana. Mama Sifa, aliyekuwa amekaa kavu chini ya majani aliyoyafunga kwa robo saa, alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha aliniokota siafu mmoja mmoja mgongoni, kama mama.

Siku ya pili niliacha viatu, nikanunua kandambili kijijini. Niliandika yote kwenye daftari bila kuficha: viatu, hapana, hema, ndiyo, lakini si karibu na mawese, taa na chujio, ndiyo, ndiyo. Hakuna aliyeumwa tumbo njia nzima.

Siku ya tatu Mama Sifa aliteguka mguu. Sanduku la baridi lilipaswa kubebwa na mwingine, na Okito alikuwa tayari amebeba hema na sindano. Nikalifunga kwenye lile begi. Tulipofika kwenye mto, kivuko kilikuwa gogo moja, na maji yalikuwa yamejaa, yenye rangi ya chai. Nilipolijaribu tu gogo, mikaba ya mabega iliniyumbisha, kisha mmoja ukakatika pwaa. Okito alitazama kipimo cha baridi akasema barafu haitafika kesho kutwa. Tukirudi, chanjo imekufa, na ng’ambo ile watoto watatu walikuwa wamezikwa ndani ya mwezi mmoja.

Yaya, hapa ndipo penye dhambi yangu. Nilitia mkono mfukoni nikatoa mukaba wa Mama.

Mimi njo niliuchukua. Nilipokuja kuwatembelea mwezi wa tisa niliutoa kwenye sanduku lako, chini ya vitenge. Niliogopa pori, nikataka kitu cha Mama mwilini. Niliogopa kukuomba kwa sababu ungejua ninakwenda. Baadaye ulipomshutumu Gentille niliogopa zaidi, na kila wiki ya kunyamaza ilifanya mdomo uwe mzito.

Mama Sifa aliufunga kwenye sanduku, akauweka kwenye paji langu la uso, akaniambia niiname na nitazame vidole vya miguu tu. Uzito wote ulitulia, kana kwamba mtu amenishika kichwa. Ncha ilibaki ikining’inia nyuma. Yeye, na mguu wake ule mbovu, aliishika, akanifuata akijikokota, akisema, “Endelea tu, niko.” Yaya, nilikuona wewe. Nilivuka. Nilivuka na sanduku kavu, nikapiga kelele mpaka ndege wakaruka.

Tulichanja watoto mia mbili na kumi na wawili. Hakuna chupa hata moja iliyoharibika. Mama mmoja alinipa kuku, akaniita muganga, nami sikumkatalia.

Ripoti niliiandika wazi: viatu visiagizwe, badala ya begi, mukaba wa kichwani. Mukubwa Fortunat aliisoma mara mbili. Kisha akaomba kuuona mukaba. Aliuvuta kwa nguvu zake zote, haukulia hata uzi. Akataka mikaba arobaini ya namna ileile, akaniuliza kama namjua mshonaji hodari. Nilimtajia mmoja tu: Gentille, mke wa kaka yangu, mwenye cherehani.

Basi hiki ndicho cha kutoa nje: mbele ya wazee, na Gentille akiwepo, soma ukurasa wenye dhambi yangu kwa sauti. Msiba wa viatu uache kwako. Mukaba wenyewe siuweki kwenye bahasha; nitaurudisha mkononi mwako.

Nisalimie shemeji, watoto, na kaka Stéphane, ambaye namwomba msamaha kwa namna ya pekee.

Ni mimi mdogo wako,
Destin

Usinipigie simu, ilizama mtoni. Treni ikiwepo, panda. Isipokuwepo, jibu lako mpe dereva wa pikipiki alete kituoni Kindu kwa Abedi, mpakuzi wa mizigo mwenye kofia nyekundu. Ukija mwenyewe, yeye atakuleta kwangu. Lakini njoo na Gentille. Kila treni ikifika nitakuwa nimesimama penye mabehewa ya mizigo, mukaba shingoni. Mkishuka wawili, nitajua.