Mbajuni, Utahama Lini?

Jumatatu, 3 Machi 1986
Nimefungua dirisha, nikapiga kelele kama kawaida: "We Mbajuni, utahama lini?" Shee, jirani yangu, alikuwa akipachika mikate kwenye tanuri lake la udongo. "Nikishakuzika, Mgiriama!" Utani wetu wa miaka. Chai, mkate wa moto, kisha kazini kwenye mnara wa Mreno. Watalii wamenipenda. Malindi nzima nani anawaongoza kama mimi? Kiitaliano nakipasua, na darasa la tano sikumaliza.

Jumatano, 5 Machi
Mama mmoja Mreno kaniumbua. Namsifu mfalme wao wa zamani, rafiki wa Malindi, yeye anatikisa kichwa. Anasema kabla merikebu zake hazijafika kwetu, mfalme huyo aliamuru Wayahudi na Waislamu wote watoke nchini mwake. Myahudi aliyetaka kubaki, abatizwe, abadili jina. Wengi walibatizwa kwa nguvu.


Ijumaa, 7 Machi
Shamba tunakoishi limeuzwa. Karani wa tajiri mpya kaja: Wabajuni ni watu wa visiwani, si wa hapa, watoke kabla mwezi haujaisha. Wagiriama tubaki. Shee kazaliwa papa hapa! Mimi ndiye niliyezaliwa mbali, Ganze, huko bara.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemlainisha karani. Mdomo wangu huu! Shee akijiandikisha Mgiriama, ndugu yangu, jina Kazungu kama mimi, atabaki. Nimerudi mbio, nacheka peke yangu. Shee kanisikiliza mpaka mwisho.
"Na mamangu aliyelala kaburini pale nyuma, naye nimwite nani?"
Nikamwambia aache kiburi. Nikamtukana hasa. Kisha nikamkumbuka yule mama Mreno. Nimekuwa mjumbe wa mfalme, mimi.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwomba radhi. Kanipa mkate.

Jumatano, 26 Machi
Shee na watu wake wamepakia vyombo, wanakwenda kwa binamu yake Lamu. Tanuri haling'oki, limejengwa ardhini. Kaniachia. Mguu mmoja garini, akageuka.
"Leo huniulizi, Kazungu?"
Nimelia mbele ya wake za watu, makamasi na yote.

Alhamisi, 27 Machi
Nimefungua dirisha. Nimefunga.
Chai kavu. Tanurini jivu baridi.
Kazini sikwenda. Nimefagia kaburi la mamake. Nimemwambia mwanawe kafika salama.
Sijui kama kafika.